Tusi la Mtaani, Bango la Ukutani: Jinsi Nairobi Inavyotumia Maneno

Mwalimu wa Kiswahili atakufundisha kwamba mjinga ni mtu, kwa hivyo tunasema mjinga huyu. Vijana wa Nairobi wanalijua hilo vizuri. Lakini mmoja wao akikanyagwa akingoja matatu pale Ambassadeur, atageuka na kufoka: "Mjinga hii!" Hajakosea sarufi. Amemtoa yule aliyemkanyaga kwenye ngeli ya watu akamtia kwenye ngeli ya nguo, nyumba na takataka, na kazi hiyo ameimaliza kwa silabi mbili. "Mbwa hii" na "ng'ombe hii" hufanya vivyo hivyo, ingawa kwa wanyama ukali wake hausikiki sana, maana Kiswahili cha bara humwita hata mbwa mwenyewe "hii mbwa". Inapomfuata mtu ndipo "hii" inapouma.

Tazama sasa ukuta ulio nyuma ya foleni hiyo msimu wa uchaguzi unapokaribia. Picha ya mtu aliyevaa suti, jina kwa herufi kubwa, na chini yake: "Mtoto wetu". Au "Kijana wetu". Au "Mtu wetu Bungeni". Hapa pia kisarufi kidogo ndicho kinachobeba mzigo. Kama "hii" inamsukuma mtu nje ya ubinadamu, "wetu" inamvuta mgeni kabisa hadi sebuleni mwako. Wengi wetu hatujawahi kumwona mtu huyo mtaani, ila bango limeshatuambia kwamba ni mwanetu.

Aina hizi mbili za maneno huzungumzwa kana kwamba hazijuani. Matusi ya vijana hujadiliwa na walimu, wahubiri na wazazi kama dalili ya kuoza kwa maadili. Maneno ya mabango hujadiliwa na wachambuzi wa siasa kama suala la sera na ahadi. Mimi naamini zinatumia vifaa vilevile, na kwamba kuzitenganisha kumetufanya tuogope lugha isiyostahili kuogopwa na kuilinda ile iliyotuumiza.

Tuanze na matusi, kwa sababu ndiyo yanayohukumiwa haraka zaidi bila kueleweka.

Kijana wa Nairobi hutukana kwa Sheng, na Sheng ilikua katika mitaa ya Eastlands: Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Makongeni, Bahati. Watoto wa wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi walikutana uwanjani wakiwa na lugha tofauti nyumbani, wakashika sarufi ya Kiswahili na kuijaza maneno ya Kiingereza, Kikuyu, Dholuo, Kikamba na Kiluhya. Tangu mwanzo kazi yake mojawapo ilikuwa kumweka mzazi nje ya mazungumzo. Ndiyo maana maneno yake makali hayadumu. Neno likishajulikana na mathe, yaani mama, nyumbani limekufa, na lingine linatafutwa. Msomaji wa Tanga au Unguja anayedhani vijana hawa wanaharibu Kiswahili atazame vizuri: viambishi vyote vipo mahali pake, kitenzi kinanyambulika kama kawaida. Kilichobadilishwa ni msamiati, pamoja na adabu ya nani asikie nini.

Ndani ya Sheng kuna mchezo unaoitwa mchongoano. Vijana wawili wanasimama, wenzao wanawazunguka, na kila mmoja anamrushia mwenzake kauli yenye umbo moja: jambo fulani, kisha "hadi", kisha kichekesho. "Nyumba yenu ni ndogo hadi jua likiingia nyinyi mnatoka." "Budako ni mkono gam hadi akiota amenunua nyama anaamka kudai chenji," yaani baba yako ni bahili. Kanuni zake hazijaandikwa popote lakini kila mtoto aliyekulia kwenye ploti anazijua. Sharti kauli iwe ya uongo ulio wazi. Ukimwambia mtu kwamba baba yake mlevi, na baba yake kweli ni mlevi, umevunja mchezo, na hapo ngumi ni halali machoni pa wote waliosimama. Sharti kuwe na watu wanaosikiliza, kwa sababu kicheko chao ndicho mwamuzi. Na anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Watoto hawa, wengi wao wakitoka katika nyumba za chumba kimoja ambazo umaskini wake hautanii, wanafundishana kuusikia umaskini huo ukitajwa mbele za watu bila kuvunjika. Wanafundishana pia kuvumilia maneno makali bila kuinua mkono. Sioni uharibifu hapo. Naona shule ambayo hakuna mwalimu aliyelipwa kuiendesha.

Nje ya mchezo kuna matusi yenyewe, na hapo mama ndiye anayelipa. Tusi zito kuliko yote jijini, kama ilivyo pwani na mahali pengi pa Waswahili, ni lile linalotaja uchi wa mama. Sitaliandika kamili, na mtaani pia mara nyingi halisemwi kamili. Kijana husema "mamako!" tu na kunyamaza. Neno lenyewe ni safi kabisa. Ungeweza kuliuliza kwa heshima: mamako hajambo? Lililobaki linajazwa na anayesikia. Akishalijaza, msemaji anaweza kuinua mabega na kudai hakusema kitu. Kwenye simu ukatizaji huo umefika mbali zaidi: herufi tatu, nkt, zinatosha kuandika msonyo, na hakuna Mkenya asiyezisoma.

Kando ya tusi la mama kuna neno "umama". Mvulana anayelalamika juu ya kitu kidogo, au anayepeleka maneno ya huyu kwa yule, huambiwa "acha umama". Vijana wengi wanaolitumia hawamaanishi ubaya kwa mama zao, na wangepigana na yeyote anayewagusa. Lakini lugha imeshawachagulia upande: udogo wa roho umepewa jina la mwanamke. Hili ndilo tusi la mtaani linalonihuzunisha kuliko yale yanayozibiwa masikio, kwa sababu hakuna anayelisikia kama tusi.

Shika neno hilo mama, uende nalo tena ukutani. Tangu uchaguzi wa 2013 kila kaunti humchagua mwakilishi wa wanawake katika Bunge, na mabango ya wanaowania kiti hicho yamezoea kumwita "Mama Kaunti". Mwanamke hapati nafasi kwenye bango kama wakili au mhandisi kabla hajawa mama wa watu wote. Upande wa wanaume, marehemu Raila Odinga alibeba jina la "Baba" kwa miaka mingi hadi likawa linaeleweka bila kutajwa jina lake. Familia ndiyo lugha ya kuombea kura, na familia hiyohiyo ndiyo silaha ya kumwumiza mtu mtaani. Mwanasiasa anajiita baba na mama kwa sababu ileile inayomfanya kijana amtusi mama: hapo ndipo hisia zetu zilipo karibu na ngozi.

Bango la Nairobi lina tabaka zake za lugha, na ukishaziona huwezi tena kuacha kuziona. Kiingereza hubeba cheo: jina la kiti, kifupi cha mheshimiwa, maneno ya uongozi na maono. Kiswahili hubeba amri na udugu: chagua, pigia kura, wetu, pamoja, mtetezi wa wanyonge. Sheng hubeba ujana, na mara nyingi hukaa ndani ya alama za kunukuu, katikati ya majina mawili ya kwenye kitambulisho. Lugha za kina mama zetu, Kikuyu, Dholuo, Kikamba na nyingine, huachwa nje ya ukuta, zikisubiri redio na mikutano ya watu wanaojuana. Ila hazijaondoka. Mpiga kura wa Nairobi husoma jina la ukoo kwanza, na mwaniaji anajua hivyo. Uamuzi wa jina lipi liwe kubwa na lipi lipunguzwe ni sentensi nzima ya kisiasa isiyo na kitenzi.

Jina la utani ndilo njia ya kulikwepa jina la ukoo. Sonko, kwa Sheng, ni mtu mwenye pesa. Mike Mbuvi alilibeba jina hilo kutoka kiti cha ubunge wa Makadara, 2010, hadi useneta wa Nairobi mwaka 2013 na ugavana 2017. Mwaka huo wa 2017 Starehe ilimchagua mwanamuziki anayejulikana kama Jaguar, na 2022 Lang'ata ikamchagua mtangazaji anayejulikana kama Jalang'o. Jina la jukwaani halina kijiji. Katika jiji lenye maeneobunge 17 na wadi 85, ambamo karibu kila eneo lina mchanganyiko wa makabila, jina lisilo na kijiji lina thamani kubwa.

Ufupi nao una sababu zake. Siku ya kura Mkenya huchagua watu sita kwa vyeo sita, na vyama huwaomba wafuasi wavae "suti", yaani wachague chama kimoja kutoka juu hadi chini. Wawaniaji ni wengi mno, kuta ni zilezile, na msomaji yumo ndani ya matatu inayokimbia. Hapo ndipo sarufi inapokatwa. Tarehe 14 Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru Park, Raila Odinga, akimwunga mkono Mwai Kibaki agombee urais, alisema maneno mawili yaliyobadilisha uchaguzi: "Kibaki tosha!" Kiswahili sanifu kingedai "anatosha". Kiambishi cha nafsi na cha wakati vimeondoka, limebaki jina na mzizi. Matokeo yake kauli haina wakati: anatosha sasa, atatosha kesho, na hakuna aliyesema anatosha kwa kipimo gani. Fomula hiyo imekuwa mali ya kila mtu tangu siku ile. Jina lolote linaweza kutangulizwa mbele ya "tosha". "Kibaki tena" ya 2007 na "Tano tena" ya 2017 zilikwenda mbali zaidi, zikaacha kitenzi kabisa.

Hapa ndipo vitu viwili vinapokutana waziwazi. "Mamako!" ni nusu ya sentensi. "Tosha!" ni nusu ya sentensi. Katika zote mbili msikilizaji ndiye anayemalizia, na kwa kuwa ni yeye aliyemalizia, anaihisi kauli kama yake mwenyewe. Msemaji naye anabaki na mlango wa kutokea.

Mlango huo, mtaani, humwokoa kijana kutoka kwenye ngumi. Katika siasa umewagharimu watu maisha yao. Neno "madoadoa" ni la kawaida kabisa. Nguo ina madoadoa, chui ana madoadoa. Lakini Bonde la Ufa, katika miaka ya machafuko, lilitumika kumaanisha majirani wa kabila lingine wanaopaswa kuondolewa. Halina uchafu wowote ndani yake. Linaweza kusemwa kanisani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na laki kadhaa wakafukuzwa makwao. Nairobi yenyewe, Kibera na Mathare zilichomwa na kumwagika damu. Simjui mtu aliyeuawa kwa sababu kijana alisema tusi la mama kwenye kituo cha basi.

Januari 2022 neno hilo lilirudi jukwaani mjini Eldoret, kinywani mwa Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru. Alikamatwa, akaomba radhi, akasema hakuwa na maana mbaya. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameteuliwa Waziri wa Kilimo. Aprili ya mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ambayo haikutaka kuyasikia kwenye kampeni. "Madoadoa" lilikuwamo. "Mende" lilikuwamo, na "kwekwe", na "watajua hawajui", na "kihii", neno la Kikuyu la kumwita mwanamume ambaye hajatahiriwa, ambalo kwa miongo mingi limetumiwa kuwadharau Waluo. Tazama jinsi maneno hayo yalivyo safi. Magugu ya shambani, mdudu wa jikoni, msemo wa kawaida wa kutishana. Kati ya hayo matano ni moja tu ambalo mama angemkataza mtoto wake kulisema mezani.

Katika orodha hiyo palikuwa pia na "hatupangwingwi", na hapo tume ilijikanganya, kwa maoni yangu. Neno lilitoka kwenye muziki wa vijana. Msingi wake ni "hatupangwi": sisi si watu wa kupangiwa na wengine. Vijana wakaurefusha mwisho kwa mdundo tu, pangwi ikawa pangwingwi. William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, na wafuasi wake walilichukua likawa wimbo wa mikutano yao, na ndipo likaonekana hatari. Lakini halina mtu ndani yake wa kufukuzwa. Ni kitenzi cha kukataa, katika kauli ya kutendwa, kilichoanzia midomoni mwa watu ambao kweli wamepangiwa mambo maisha yao yote. Kuliweka safu moja na "kwekwe" ni kupima maneno kwa kelele zake badala ya kuuliza yanamlenga nani.

Kuokota neno la mtaani si jambo jipya. 2002 wafuasi wa muungano wa NARC waliimba "unbwogable", kitenzi cha Dholuo cha kutisha kilichovishwa kiambishi cha Kiingereza mbele na nyuma: watu wasiotishika. Nalo tusi linaweza kugeuzwa beji. 2018 Rais Uhuru Kenyatta alimzungumzia naibu wake, Ruto, kama kijana wa kutangatanga. Kabla muda haujapita mrefu, waliomuunga mkono naibu huyo walikuwa wanajiita Tangatanga kwa fahari. Kila kijana anayeitwa fala na marafiki zake na akajibu kwa kicheko anaijua mbinu hiyo: tusi ukilivaa mwenyewe, aliyelitupa amebaki mikono mitupu.

Sheria inasimama wapi katika haya? Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mkosaji mtu anayetumia lugha chafu au ya matusi hadharani kwa namna inayoweza kuvuruga amani, na adhabu yake inafika kifungo cha miezi sita. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki ya kikabila kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu. Kwenye karatasi, basi, uzito umewekwa mahali panapostahili: chuki inaadhibiwa kuliko uchafu. Tatizo ni ushahidi. Tusi limetamkwa, mashahidi wamelisikia, kesi ni nyepesi. Kauli nusu ya mwanasiasa inahitaji mtu athibitishe kilichojazwa na wasikilizaji, na wakili mzuri atauliza: mteja wangu alisema nini hasa?

Wanaowalaumu vijana kwa matusi ya kisiasa wangepaswa pia kuuliza walijifunzia wapi. Tarehe 25 Oktoba 1969, akifungua hospitali Kisumu, Rais Jomo Kenyatta alimshambulia Oginga Odinga na chama chake kwa maneno yaliyochanganyika na tusi la mama, mbele ya umati uliokuwa na watoto. Siku hiyo walinzi walifyatua risasi na watu wakafa. Mwai Kibaki alijulikana nchi nzima kwa "pumbavu" na "bure kabisa". Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta ushindi wake, Uhuru Kenyatta alisimama katika soko la Burma, hapa Nairobi, akawaita majaji wakora. Mimba ya lugha hii ilitungwa jukwaani, na waliokuwa wakishangilia walikuwa watu wazima.

Juni 2024 vijana waliandika mabango yao wenyewe. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya wengi wao, maandishi yaliyotembea katika barabara za katikati ya jiji hayakuwa na picha ya mwaniaji wala alama ya chama. Yalikuwa makatoni yaliyoandikwa kwa kalamu za wino mzito kupinga Mswada wa Fedha. Jina lililotamba, walilompa Rais Ruto, lilitoka kwenye Injili ya Luka: Zakayo, mtoza ushuru aliyepanda mti. "Zakayo shuka!" waliimba. Bango la kampeni huamuru kwa kitenzi kimoja, chagua. Vijana nao waliamuru kwa kitenzi kimoja, wakamwelekezea aliye juu. Tarehe 25 waliingia katika majengo ya Bunge, wengine wao wakauawa kwa risasi siku hiyo, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Baadaye lawama nyingi zilihusu adabu yao: kwamba wamemkosea heshima kiongozi, kwamba wanatukana wazee. Nimesoma picha nyingi za makatoni yale. Yamo matusi, ndiyo. Lakini makatoni mengi yanataja kodi, mkate, deni na hospitali, na yanamwita mtu mmoja kwa cheo anachokishikilia. Kabila la mtu halikuwa hoja yao, na hilo mabango ya uchaguzi, kwa "wetu" zao zote, hayajawahi kulifanikisha.

Mwaka uliofuata neno likawa "wantam", Kiingereza cha muhula mmoja kilichopikwa upya kwa matamshi ya mtaani: rais aishie muhula mmoja tu. Wafuasi wa serikali walijibu kwa "tutam", mihula miwili. Wote wawili wamekubali uwanja na kanuni za mchongoano: umbo moja, jibu la papo hapo, umati ukiwa mwamuzi. Tofauti na "Kibaki tosha", ambayo ilimtaja mtu wa kuchaguliwa, "wantam" haimtaji yeyote. Ni kukataa kusiko na mwaniaji. Wanasiasa wa upinzani, Rigathi Gachagua akiwa mbele yao, wamelishika wakitaka lisomeke kama lao, na kabla ya uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 bila shaka tutaliona limechapishwa chini ya picha za watu wengi wasiopatana wao kwa wao, kila mmoja akitumaini kwamba mpita njia atamalizia sentensi hiyo kwa jina lake.